Helikopta za kivita hupimwa kwa hewa, si kwa bunduki pekee

MTO Chania huanzia katika milima ya Aberdare, hushuka hadi mjini Thika yaliko maporomoko yake mashuhuri, kisha hujiunga na Mto Thika. Hatimaye maji yake huingia katika Mto Tana, ambao hupita Garissa ukielekea Bahari Hindi.

Safari hiyo ya maji, kutoka zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari hadi ufuoni, ni kipimo rahisi cha jambo linalosahaulika watu wanapobishana kuhusu helikopta bora ya kivita. Ndege ile ile, yenye injini na silaha zile zile, haina nguvu sawa kila mahali mto huo unakopita.

Kwa wakazi wa Ruiru na Thika, ambao ni majirani wa kambi za jeshi za Kahawa na Thika, suala hili si la mbali. Kenya ina helikopta za kivita, majirani wake wanazo, na baadhi ya maafa makubwa ya ndege hizo katika eneo hili yalitokea mlimani, wala si mbele ya bunduki za adui.

Hewa nyepesi, mzigo mdogo

Helikopta huinuka kwa sababu mapanga yake ya juu husukuma hewa kuelekea chini. Hewa ikiwa nzito, kazi huwa rahisi. Hewa ikiwa nyepesi, mapanga hukosa cha kusukuma na injini nayo hukosa pumzi ya kutosha.

Mji wa Thika uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto la nyuzi 25, hewa yake huwa nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ile ya pwani penye joto la nyuzi 30. Kwenye vilele vya Aberdare, karibu mita 4,000, hewa hupungua kwa takriban theluthi moja ikilinganishwa na ya baharini.

Rubani anayetoka pwani kuelekea nyanda za juu hana budi kupunguza kitu: mafuta, risasi au makombora. Akipunguza mafuta, hawezi kwenda mbali. Akipunguza silaha, atafika lakini atakuwa na machache ya kufanya.

Hali huwa ngumu zaidi helikopta inapoelea mahali pamoja bila kusonga, kwani hapo ndipo inapohitaji nguvu nyingi. Ikisonga mbele kwa kasi hupata nafuu. Ndiyo maana ndege inayoweza kuvuka mlima ikiwa mbioni huenda isiweze kusimama hewani juu ya mlima huo huo.

Ndogo za Embakasi

Helikopta ya mashambulizi iliyodumu zaidi nchini Kenya ni Hughes 500, ambayo baadaye iliitwa MD 500 Defender. Ilianza kutumiwa na jeshi la nchi kavu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwa na makao Embakasi. Baadhi yake zilifungwa makombora ya TOW, yenye uwezo wa kupiga kifaru kilicho umbali wa zaidi ya kilomita tatu.

Ni ndege ndogo yenye injini moja, na uzito wake inaporuka ni takriban kilo 1,400. Haina ngao nzito. Kinga yake ni udogo wake: hujificha nyuma ya miti na vilima, hupiga na kutoweka.

Mnamo Mei 2017, Marekani iliidhinisha uwezekano wa kuiuzia Kenya ndege 12 za MD 530F pamoja na silaha na huduma zake, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 253. Ndege sita zilikabidhiwa Embakasi Januari 2020.

Tofauti ya MD 530F na dada yake mkubwa iko katika injini yenye nguvu zaidi na mapanga marefu zaidi, yaliyobuniwa makusudi kwa maeneo ya joto na ya juu. Hubeba bunduki za rashasha za milimita 12.7 na roketi za milimita 70. Kwa kusindikiza msafara wa askari au kufuatilia kundi dogo la wapiganaji, silaha hizo zinatosha. Kwa kuvunja kikosi cha vifaru, hazitoshi.

Kenya pia ilipata AH-1F Cobra kutoka Jordan. Ndege hii ni ya ukoo wa zamani, kwani Cobra ya kwanza iliruka mwaka wa 1965 na kuingia vita vya Vietnam mwaka wa 1967. Marubani wake wawili huketi mmoja nyuma ya mwingine, hivyo kiwiliwili chake ni chembamba na ni vigumu kulengwa kutoka mbele. Ina bunduki ya milimita 20 yenye mitutu mitatu na huweza kubeba makombora manane ya TOW. Hata hivyo, kama MD, inategemea injini moja tu. Injini hiyo ikizimika, rubani hana ya pili ya kumfikisha nyumbani.

Jitu kutoka Urusi

Nchi kadhaa za eneo hili, zikiwemo Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, zilichagua Mi-24 iliyobuniwa na Muungano wa Kisovieti. Iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1969. Ina injini mbili, ngao nzito, kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa na nafasi ya askari wanane. Ndege nyingine za mashambulizi kwa kawaida hazibebi askari.

Gharama ya sifa hizo ni uzito unaofikia kilo 12,000. Mabawa yake mafupi huisaidia ikiwa na kasi, lakini hayana faida yoyote inapoelea mahali pamoja. Nchini Afghanistan, kati ya 1979 na 1989, marubani wa Kisovieti walilazimika mara nyingi kukimbia kwenye njia ya ndege kabla ya kupaa, kwa kuwa ndege iliyojaa haikuweza kuinuka wima.

Agosti 12, 2012, Mi-24 tatu za Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika zilianguka katika Mlima Kenya, na baadhi ya waliokuwemo wakafariki. Helikopta ya nne katika msafara huo, Mi-17 ya uchukuzi, ilifika Garissa salama.

Mlima huo una urefu wa mita 5,199, ilhali upeo wa Mi-24 ikiwa mbioni ni takriban mita 4,500. Katika mawingu na baridi ya mlimani, bunduki na ngao hazikuwa na msaada.

Mtihani wa Goma

Afrika Kusini iliunda helikopta yake, Rooivalk, iliyoruka mara ya kwanza Februari 1990. Ilibuniwa kwa joto na nyanda za juu za kusini mwa Afrika. Ina injini mbili na bunduki ya milimita 20 inayofuata mwelekeo wa kofia ya rubani.

Mwaka wa 2013 ndege hizo zilipelekwa mashariki mwa Congo pamoja na kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa na wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mapema Novemba mwaka huo zilishambulia kwa roketi ngome za waasi wa M23 kaskazini mwa Goma, na siku chache baadaye waasi hao wakasalimu amri. Goma iko kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Thika.

Udhaifu wa Rooivalk hauko angani bali ghalani. Ni 12 tu zilizoundwa kwa ajili ya jeshi, hivyo vipuri vyake ni adimu na ghali.

Apache nayo?

AH-64 Apache ya Marekani ndiyo hutajwa kwanza katika mijadala mingi. Ina bunduki ya milimita 30, injini mbili, vifaa vya kuona usiku na nafasi ya makombora 16 ya Hellfire yanayofika kilomita nane. Makombora hayo pekee yana uzito wa takriban kilo 770, karibu sawa na MD 530F ikiwa tupu.

Lakini ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Machi 2002, katika bonde la Shah-i-Kot nchini Afghanistan, hewa nyepesi iliwalazimu marubani wa Apache kupiga wakiwa mbioni badala ya kuelea na kulenga kwa utulivu. Machi 2003, karibu na Karbala nchini Iraq, zaidi ya Apache 30 zilikabiliwa na risasi za kawaida kutoka ardhini. Karibu zote zilirudi na matundu, na moja ikatekwa. Tangu 2022, vita vya Ukraine vimeonyesha pia jinsi kombora la begani linavyoweza kuangusha ndege ya gharama kubwa.

Kwa hivyo, swali la ni helikopta gani bora halina jibu moja. Tambarare za Garissa zinahitaji ndege ya kwenda mbali na kukaa angani muda mrefu. Misitu ya Aberdare inahitaji ndege nyepesi yenye injini ya akiba ya nguvu. Vita dhidi ya vifaru vinahitaji kombora la masafa marefu.

Taifa linalonunua ndege kwa kusoma orodha ya silaha pekee huenda likagundua, siku ya kazi, kwamba nusu ya silaha hizo lazima ziachwe chini ili ndege iweze kupaa. Anayelipia kosa hilo kwanza ni mlipa kodi, na baada yake ni rubani.