Punje za pilipili manga

Pilipili manga (pia: pilipili mtama) ni matunda madogo yaliyokaushwa ya mpilipili-manga (Piper nigrum), mmea unaotambaa wenye asili ya pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa Uhindi. Siku hizi hulimwa pia Vietnam, Indonesia, Brazil na, nchini Tanzania, Zanzibar, Tanga na Morogoro.

Punje nyeusi ni tunda lililochumwa kabla ya kuiva na kuanikwa pamoja na ganda lake. Punje nyeupe hutokana na tunda lililoiva, lililolowekwa na kuondolewa ganda. Ukali wake husababishwa na kemikali iitwayo piperini. Harufu hutoka katika mafuta ambayo hupotea hewani haraka punje zikishasagwa. Ndiyo sababu wengi hununua punje nzima na kuzisaga kwa kinu wakati wa kula.

Punje nzima pia hukaguliwa kwa urahisi kuliko unga. Hata hivyo, wauzaji wengine huzichanganya na mbegu kavu za papai, zinazofanana nazo. Zikitiwa katika glasi ya maji, punje halisi huzama na mbegu za papai huelea. Punje changa zilizo tupu ndani huelea vilevile.

Punje bora ni nzito, kavu na ngumu. Zikibanwa kwa vidole hazipondeki, na zikivunjwa hunukia mara moja. Zenye unyevu huota ukungu na kuziba kinu. Hutunzwa katika chombo kilichofunikwa vizuri, mbali na joto na mwanga.