Ukungu Ulao Mafuta

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kununua ng'onda mnadani ukaikuta ina madoa ya ukungu, ukashangaa: chumvi yote ile haikuuzuia? Iko jamii ya ukungu inayostahimili chumvi. Hujitengenezea glisirini mwilini, ile ile tunayojipaka ngozi ikikauka, ili chumvi isiunyonye maji. Baadhi yake hula hata mafuta ya petroli.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Chemba, ambako visima kadhaa hutoa maji ya chumvi. Njia ya bomba la mafuta ghafi ya Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Tanga, inapita wilayani mwetu. Lakini hofu yetu kubwa ni ya karibu zaidi: oili chafu inayomwagwa chini kwenye gereji za pikipiki na mashine za kusaga. Ina sumu ziwezazo kuleta saratani, nayo ikizama ardhini yaweza kufikia maji tunayokunywa. Wapo hata wanaoipaka kwenye vidonda vya punda. Waache.

Mwaka 1991 huko Kuwait visima zaidi ya 600 vya mafuta vilitiwa moto vitani. Vilizimwa kwa maji mengi ya bahari, jangwa likabaki na madimbwi ya mafuta na chumvi. Katika udongo wa nchi hiyo wataalamu wamekuta ukungu unaokula mafuta. Nyuzi zake hupenya kwenye udongo na kutoa vimeng'enya vinavyokatakata mafuta kuwa vipande vidogo, kisha huvila.

Kazi hiyo yahitaji hewa, unyevu na miezi mingi, nasi mvua yetu ni ya msimu mmoja. Kwa hiyo udongo uliochafuka huchimbwa, ukachanganywa na maranda na samadi, ukalundikwa kivulini juu ya turubai nene, mbali na kisima, na kunyunyiziwa maji. Ugeuzwe mara kwa mara. Anayeugeuza afunge pua na mdomo, kwa maana vumbi la ukungu hudhuru mapafu. Mwenye pumu au aliyewahi kuugua kifua kikuu asiusogelee. Madini kama risasi hayaliwi na ukungu, hubaki humo humo. Basi uyoga ukiota juu ya lundo hilo, hata uwe mzuri namna gani, usiuchume, wala udongo wake usipelekwe bustanini.