Kabla ya kuvusha mbegu ya muhogo Ruvuma, pasua mzizi kwanza

TULIPOREJEA Palma mwaka 2022, baada ya shambulio la Machi 24, 2021 kututawanya, shamba la mama lilikuwa limegeuka kichaka. Nyumba ingeweza kusubiri makuti, tumbo halisubiri. Mchuuzi mmoja anayevukia Kilambo alituletea mzigo wa mbegu ya muhogo kutoka ng'ambo. Miti ilikuwa minene, na mama alimlipa kwa kuku wawili.

Mwaka uliofuata tuling'oa. Kwa nje mihogo ilipendeza. Mama alipoikata, ndani ilikuwa na mabaka ya kahawia, magumu kama kizibo cha chupa.

"Mwanangu, huu hata makopa haufai," alisema.

Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na ndugu msomaji anayerudi nyumbani au anayefanya biashara mpakani hana budi kuufahamu. Si mgeni pwani yetu. Mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, kwenye milima ya Usambara. Unaletwa na virusi. Inzi weupe huvitoa mti hadi mti na shamba hadi shamba la jirani, lakini safari ndefu, ya wilaya hadi wilaya, hubebwa na binadamu kwenye mbegu.

Hapa Msumbiji, uchunguzi wa mwaka 1999 uliukuta umeenea vibaya Nampula na Zambezia. Wakulima wa huko walikuwa na aina yao, Nikwaha, ambayo mizizi yake haikuharibika sana, na ndiyo iliyozalishwa kwa wingi ili kuokoa jahazi.

Kazi ya kutafuta mbegu sugu ilianza zamani zaidi. Amani, kati ya miaka ya 1930 na 1950, watafiti waliuchanganya muhogo na ndugu yake wa porini kutoka Brazil, ule mti wa mpira ambao majani yake tunayala kama kisamvu cha mpira. Mmoja wa watoto wa mchanganyiko huo bado uko mashambani: pwani ya Kenya wanauita Kaleso, kusini mwa Tanzania wanauita Namikonga. Nilisoma Mtwara miaka ya 1980 nikiwa mtoto mkimbizi, na jina la Namikonga nililisikia kabla sijajua maana yake. Leo watafiti wanautumia kama mzazi wa aina mpya.

Kwa nini inachukua miaka

Mtafiti huchukua chavua ya ua moja na kuipaka kwenye ua jingine kwa mkono. Kila punje inayopatikana huota mti wa tabia yake, hakuna wawili wanaofanana. Kati ya mamia au maelfu ya miche huchaguliwa michache, ikakatwa pingili na kupandwa tena mahali ambapo ugonjwa ni mkali, ili inayoshindwa ishindwe mapema. Baada ya miezi kumi na miwili hung'olewa, na kila mzizi hukatwa vipande na kupewa alama: 1 kwa ulio safi, 5 kwa ulioharibika kabisa. Inayofaulu hujaribiwa katika mikoa mbalimbali, kisha wakulima huipika na kuionja. Aina inaweza kuushinda ugonjwa ikashindwa na mdomo wa mama mkwe. Yote hayo huchukua miaka minane hadi kumi.

Kuanzia mwaka 2012, nchi tano, zikiwamo Msumbiji na Tanzania, zilibadilishana aina zao bora baada ya kuzisafisha virusi maabara. Tanzania ilitoa Kiroba miongoni mwa nyingine. Msumbiji ilitoa Eyope na Orera.

Hata hivyo, kustahimili si sawa na kutougua. Kiroba inaweza kubeba virusi huku mizizi yake ikiwa na madoa machache tu. Ukiipanda kando ya mbegu dhaifu ya jirani, umemletea maradhi bila kujua.

Cha kufanya

Usinunue fimbo usizojua shamba lake. Tazama majani ya chini: umanjano unaofuata mishipa ni dalili. Mwombe mwenye shamba ang'oe mti na kukata mizizi yote mbele yako. Ukiona kahawia hata kwenye mmoja, acha fimbo za mti huo. Mche unaoonyesha dalili shambani mwako, ung'oe mapema. Mfanyabiashara naye akumbuke kwamba mmea unaovuka mpaka unahitaji cheti cha afya ya mimea. Kina usumbufu, lakini mteja aliyeharibikiwa shamba harudi kununua.

Msimu uliopita nilivuka mwenyewe. Nilikata mizizi ya miti ishirini, nikarudi na fimbo za kumi na mmoja tu. Mama aliuhesabu mzigo, akacheka kwamba mwalimu ameshindwa kununua.

Mwaka huu tumeng'oa shina la kwanza. Mama alishika kisu mwenyewe. Ndani ulikuwa mweupe.