Bati iliyovaa sura ya dhahabu

Wachimbaji wetu wa Lubutu wenye kufika kwenye kontwari za Goma wanaijua ile mashini ya mkono, iko sawa bastola. Mnunuzi anaielekeza kwa kasiterite, namba zinatokea: bati asilimia ngapi, chuma ngapi. Kumbe mashini ya namna ile ile inapima pia rangi za vitabu vya zamani.

Tunasema vitabu vilivyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama na kupambwa kwa picha. Ethiopia wako na Injili za Garima; ngozi yake ilipimwa kule Oxford, ikaonekana ni ya kati ya mwaka 330 na 650. Kwa vitabu vya namna hii, rangi nyingi zilitoka kwa machimbo. Kijani cha malakiti ni jiwe la shaba, ndugu zetu wa Katanga wanalijua. Wekundu ulipikwa kwa salfa na zebaki, ile merkiri ya wachimba dhahabu.

Mashini inapiga mionzi, kila metali inajibu kwa namna yake, na kitabu hakikwaruzwi. Hapo ndipo wataalamu walishangaa: kwa kurasa zingine za Ulaya, za miaka ya 1300 na 1400, pale palipong'aa sawa dhahabu, mashini ilisema bati! Wachoraji walipika bati na salfa mpaka ikatoka unga wa manjano wenye kung'aa. Dhahabu ya bei ndogo, basi.

Lakini mashini ile iko na udhaifu, na hapa tunaomba msome polepole. Rangi inapakwa tabaka juu ya tabaka. Mionzi inapenya, halafu jibu la chini linachanganyika na la juu. Juu ya ile, wataalamu wanapima mahali pengi, wanaangalia tena kwa darubini. Hakuna anayeamini pigo moja.

Na mzigo wenu je? Bati ni nzito, kwa kutikisika njiani inaweza kushuka chini ya mfuko. Maji nayo yanapunguza namba. Kwa hiyo baba, mama, vijana: mkaushe mchanga, muuchanganye vizuri, muombe upimwe mara tatu, wa juu, wa katikati na wa chini. Na namba ile muione kwa macho yenu, mbele mashini haijazimwa.