Kuchagua Spana za Motokaa

Huko Kinondoni na Temeke, katika mji wa Dar es Salaam, motokaa nyingi zatoka Japani, na nati zake hupimwa kwa milimita. Basi anunuaye spana na aangalie kwanza namba: 10, 12, 14, 17 na 19 ndizo zitumikazo sana. Spana ya nusu inchi ni milimita 12.7; ukiitia katika nati ya 12 italegea, nayo itakula pembe za nati hata isifunguke tena.

Nati ikikaza, spana ya pete ni bora kuliko ile yenye mdomo wazi, maana huishika pande zote.

Fundi wa kila siku yampasa kuwa na seti kamili ya chuma kigumu. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Mwenye motokaa nyumbani zamtosha spana hizo tano, bisibisi mbili, koleo, na jeki pamoja na stendi zake imara. Wala mtu asiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake, kwani jeki ikiteleza, spana njema haitamwokoa.