Mbwa, Chura na Povu Mdomoni

Mvua za masika zikianza kunyesha huku kwetu Kibaha, maswali ya akina mama hubadilika. Wakati wa kiangazi wananiuliza habari za vikohozi na macho mekundu. Mwezi wa tatu ukiingia, utasikia: "Sista, mbwa wetu jana usiku alitokwa na povu mdomoni, akawa anatetemeka. Je, ni kichaa?" Sisi wauguzi si madaktari wa mifugo, wala sipendi kujitia kazi ya watu. Lakini swali hili ni letu pia, kwa sababu mara nyingi anayemkimbilia mbwa huyo, akamshika taya na kumfuta udenda kwa kanga ya mama yake, ni mtoto wa darasa la pili.

Kabla ya kujibu, nami huuliza: Mvua ilinyesha jana? Taa ya nje ilikuwa inawaka? Uani kuna vyura? Mara nyingi jibu ni ndiyo kwa yote matatu.

Nyumba zetu za Kibaha na Kisarawe ni kama zimepangwa ili kuwakutanisha wanyama hawa wawili. Kuanzia Maili Moja hadi Picha ya Ndege, na kule Kisarawe kwenye miteremko ya vilima vya Pugu, mwenye kiwanja hujenga nyumba katikati, akazungushia ua wa michongoma, na nyuma akapanda mchicha, matembele na migomba inayokunywa maji ya bafuni. Pipa la kukingia mvua halikosi. Kwa ajili ya wezi, mbwa mmoja au wawili hufunguliwa usiku. Wenye mashamba karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wanawategemea mbwa pia kuwafukuza ngedere na nguruwe pori. Chura naye hataki makubwa: unyevu, kivuli cha majani na wadudu wa kula. Bustani ya mama mwenye bidii humpa vyote, na saa anazotembea ni zilezile ambazo mbwa amefunguliwa.

Chura yupi?

Kiswahili chetu kina neno moja, chura, nalo hubeba wanyama wa namna nyingi. Yupo yule mwembamba mwenye ngozi laini ya utelezi na miguu mirefu ya nyuma, arukaye mbali. Huyu hapendi kuachana na maji. Wapo wadogo wa kwenye majani, wenye ncha za vidole zilizo bapa za kunatia, ambao utawakuta wamejibandika kwenye jani la mgomba au ukutani bafuni. Mmoja wa hao wa mitini hutaga mayai ndani ya povu jeupe alilolitundika tawini juu ya dimbwi, na mtu asiyejua hudhani watoto wamechezea sabuni. Viluwiluwi vikiwa tayari, hudondoka majini vyenyewe.

Na yupo yule mnene, mzito, wa rangi ya udongo, mwenye ngozi kavu ya vipele, ambaye haruki sana bali huenda kwa vijirukio vifupi vya kivivu. Huyo ndiye wa kuangaliwa. Mmulike kwa tochi: nyuma ya macho utaona vivimbe viwili virefu, kimoja kila upande, kama maharage yaliyofukiwa chini ya ngozi. Humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya sumu yake.

Sumu hiyo hairushi kwa kuuma kama nyoka. Hutoka kama maziwa mazito pale anapobanwa, kwa hiyo mbwa hujitilia mwenyewe kinywani. Huchoma fizi na ulimi. Udenda hutiririka mpaka ukawa povu, na mbwa hutikisa kichwa na kujikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele. Ikiingia mwilini kwa wingi, hugusa moyo. Wale tuliosomea uuguzi tunaifahamu digoksini, dawa ya moyo ambayo hatumpi mgonjwa bila kwanza kuhesabu mapigo yake kwa dakika nzima. Sumu ya chura wa vipele ina kemikali zinazofanya kazi kwenye moyo kwa njia inayofanana na dawa hiyo, ila hii hakuna aliyeipima kipimo.

Hata hivyo tusitishane kupita kiasi. Vyura wetu si wakali kama yule mkubwa wa Amerika ya Kusini aliyepelekwa Australia mwaka 1935 ili ale wadudu wa miwa. Wadudu hakuwamaliza, yeye akaenea, na hadi leo anaua mbwa na wanyama wengi wa porini huko. Mbwa wengi wa huku hupona wakisafishwa kinywa upesi. Wa kuhofia zaidi ni watoto wa mbwa, mbwa wa umbo dogo na wale waliozeeka.

Maji kwanza

Ikiwa mbwa wako amechanjwa na umemwona na chura, chukua mpira wa bomba au jagi la maji. Inamisha kichwa chake kielekee chini, maji yaingie pembeni mwa mdomo na kutoka nje. Usiyaelekeze kooni, yatamwingia mapafuni. Maji yakiendelea kupita, mfute fizi na ulimi kwa kitambaa kilicholowa, ukikisuuza mara kwa mara, kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Vaa glovu, na kitambaa hicho kisirudi jikoni. Nawa kwa sabuni kabla hujajigusa jicho, maana sumu hiyo huwasha macho vibaya.

Najua wengi wetu tukisikia sumu tunakimbilia maziwa. Wengine mafuta ya kula au ndimu. Mbwa anayetetemeka hamezi vizuri, na ukimlazimisha unaweza kumpalia. Mwache, msuuze. Lakini akitapika mfululizo, akiyumba kama mlevi, akishikwa na degedege au akianguka, usisubiri kupambazuke, mtafute daktari wa mifugo. Namba yake ya simu iandikwe mahali panapoonekana kabla ya masika, kwa sababu saa nne za usiku, mvua inanyesha na watoto wanalia, si wakati wa kuanza kuulizia kwa majirani.

Povu la pili

Sasa nije kwenye jambo hasa lililonifanya niandike. Povu la chura na povu la kichaa cha mbwa yanafanana kwa macho. Mama anaweza kukosea pande zote mbili. Anaweza kuamuru mbwa mzima apigwe rungu, kumbe alionja chura tu. Au anaweza kumsafisha kwa mikono mitupu mbwa mwenye kichaa, akiwa amejiaminisha kwamba ni chura, na hili la pili ndilo linalotuletea misiba.

Angalia kwanza jinsi ugonjwa ulivyoanza. Aliyeng'ata chura alikuwa mzima dakika chache zilizopita. Anakujua, anakuja ukimwita, anahangaika na mdomo wake tu, na kama sumu ni kidogo utamwona anapata nafuu baada ya kusuuzwa. Mwenye kichaa huanza kwa kubadilika tabia. Mpole huwa mkali, mkali huwa mnyonge na kujificha gizani. Sauti ya kubweka hugeuka. Hung'ata vitu visivyolika, miti na mawe. Taya hulegea, kumeza humshinda hata maji, ndiyo maana udenda humtoka. Kisha miguu hulegea. Hapati nafuu, kila siku ni afadhali ya jana, na kwa kawaida hafikishi siku kumi tangu dalili zianze.

Ila mtu mwenye hofu, akiwa na tochi mkononi, hawezi kuyapima hayo yote. Kwa hiyo mimi huwaambia akina mama kanuni fupi: mbwa asiyechanjwa, au mbwa ambaye hukumwona na chura, mdomo wake hauguswi. Mfungie peke yake ikiwezekana bila kumshika, watoto waingie ndani, na asubuhi na mapema umwite bwana mifugo wa kata. Mbwa mgeni aliyeingia uani akitokwa na povu asisafishwe na mtu yeyote, hata kama vyura wamejaa mpaka kizingitini.

Mtu akiwa ameng'atwa, amekwaruzwa, au mate ya mbwa wa kutiliwa shaka yamemgusa penye kidonda, machoni au mdomoni, hapo hakuna cha kungojea mbwa aonyeshe dalili. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili kwa saa. Macho na mdomo visuuzwe kwa maji mengi. Usiweke majivu, wala unga wa kahawa, wala pilipili. Kisha siku hiyohiyo uende kituo cha afya au hospitali ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, na dozi zote zikamilishwe kwa tarehe ulizopewa, hata kama kidonda kimekauka. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto pia huficha. Akichanwa kidogo na mbwa wa nyumbani hasemi, anaogopa mbwa atauawa. Mwambie mapema kwamba hatachapwa.

Mbwa wa nyumbani achanjwe akifikisha umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi yake itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Ukiwa na kadi hiyo mkononi, usiku wa povu utakuwa na jambo moja pungufu la kuhofia.

Usiwamwagie chumvi

Baada ya maelezo haya wapo watakaotaka kuwamaliza vyura. Najua pia njia inayotumika: chumvi. Chura hunywa maji kwa ngozi na kwa sehemu huvuta hewa kwa ngozi hiyohiyo, kwa hiyo chumvi humwunguza mwili mzima. Ni ukatili, tena huharibu udongo wa mchicha. Yeye anakula kumbikumbi, mende, mbawakawa na viwavi bila kudai senti. Mama anayelima bustani ya kulisha watoto ana haja naye kuliko dawa ya kupulizia.

Wengine wanamchukia kwa mambo asiyoyafanya. Chunjua hazitoki kwa chura, zinatokana na virusi vya binadamu. Watoto nao wakisikia Shule ya Jumapili habari za vyura waliojaa Misri hurudi nyumbani wamebeba mawe. Kuhusu nyoka siwezi kuwadanganya: wapo nyoka wa usiku ambao chakula chao kikubwa ni vyura. Lakini nyoka hukaa mahali pa kujificha, na dawa yake ni kufyeka majani marefu na kuondoa rundo la matofali na kuni lililoegemea ukuta.

Jambo moja huwachanganya wengi. Twasema viluwiluwi kwa watoto wa chura, na viluwiluwi kwa watoto wa mbu. Wa mbu ni wembamba kuliko punje ya mchele, huning'inia chini ya uso wa maji na kujinyonganyonga kwenda chini ukigusa pipa. Hao wamwagwe, na pipa lifunikwe. Hata dawa ya bakteria inayotengenezwa katika kiwanda cha hapa Kibaha ni kwa ajili ya hao wa mbu. Wa chura wana kichwa cha mviringo na mkia bapa, weusi, hujikusanya pembeni. Wahamishie dimbwini. Usiwategemee wamalize mbu, chakula chao kikubwa ni ukungu wa kijani wa majini. Chandarua kibaki palepale.

Tena chura ni mwepesi kupotea kuliko tunavyodhani. Kule Kihansi, katika milima ya Udzungwa, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa manjano, wa jamii ya hawa wa vipele, ambaye hatagi bali huzaa watoto hai. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, ugonjwa wa ngozi nao ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa hayupo tena porini. Alisalia kwa sababu baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa; walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Kupanga ua

Taa ndiyo chanzo cha magomvi mengi. Wadudu huifuata taa, chura huwafuata wadudu, na banda la mbwa mara nyingi liko chini ya taa hiyohiyo. Hamisha kimojawapo. Chakula cha mbwa kisilale nje, kwa kuwa huita mende, na mende humwita chura. Sahani ya maji ya mbwa iinuliwe juu ya matofali mawili, maana chura hupenda kuogelea humo usiku. Imwagwe na kuoshwa kila asubuhi. Unapomwogesha mbwa kwa dawa ya kupe, maji yale usiyamwage bustanini wala mtaroni. Yanaua viluwiluwi na samaki, na mboga hizo tunazila sisi.

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini mbwa kijana humfanya abweke usiku kucha na kuchimba matuta. Wengi huonja mara moja wakakoma. Wapo wachache wasiokoma, kila mvua ikinyesha wanarudi kuwatafuta vyura walewale. Kama wako ni wa namna hiyo, mfungieni bandani tangu saa kumi na mbili jioni mvua ikiwa imenyesha, na ulinzi wa usiku mwachieni mwenzake.