KITENZI KIKAIDI CHA WARUMI

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Wenzangu wakisikia Kilatini kikitajwa hucheka: ati ni lugha ya wafu, tena ngumu kama jiwe! Mimi nimekuwa nikipekua kitabu kikuukuu cha sarufi yake, na leo nataka tutazame kitenzi kimoja tu: esse, yaani 'kuwa'.

Kitenzi cha kawaida cha Kilatini hakina matata. Kupenda ni amare: amo (napenda), amas (wapenda), amat (apenda), amamus, amatis, amant. Mzizi ni uleule, mwisho tu ndio hubadilika kufuata nafsi. Lakini esse kina vituko: sum, es, est, sumus, estis, sunt. Wakati uliopita unakuta eram, wakati ujao ero, na hali timilifu fui. Hiyo fui imetoka wapi? Hii ni mizizi miwili iliyounganishwa, es- na fu-, kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja na ndara mguu wa pili.

Kumbe hata kwetu! 'Baba ni mwalimu.' Kanusha: 'Baba si mwalimu.' Peleka jana: 'Baba alikuwa mwalimu.' Tia kirejeshi: 'Baba aliye mwalimu.' Ni, si, kuwa, li: maumbo manne, kazi moja!

Matumizi nayo yanakaribiana. Kwanza, kuunganisha: discipuli sumus ni 'tu wanafunzi'. Sumus imebeba nafsi ndani yake, sawa na tu yetu. Pili, kusaidia kitenzi kingine: amatus est, 'amependwa', nasi husema 'alikuwa akisoma'. Tatu, kumiliki: mihi liber est, neno kwa neno 'kwangu kuna kitabu', maana yake nina kitabu. Nasi husema 'nilikuwa na kitabu'. Kuwa tena!

Mbona kikaidi hivi? Kwa sababu kinatumika kila dakika. Neno la nadra watu husahau umbo lake wakalitia kwenye kanuni. Neno la kila siku mtoto hulishika jinsi lilivyo, kabla hajaijua kanuni yoyote.

Sasa nina neno nanyi, wenzangu. Vishirikishi vyetu u, yu, tu na m vinatutoka kinywani. Uwanjani tunasema 'ako mgonjwa', kwenye insha vilevile, halafu kalamu nyekundu ikipita tunalalamika. 'Yu mgonjwa' ni fupi, tena sahihi! Warumi wa kale hawapo, lakini sum yao imetunzwa vitabuni na ingali inasomwa duniani. Yu yetu tukiiacha sisi wenyewe, nani atatutunzia?

Bado hatujachelewa. Mtu akikuuliza, 'U hali gani?', sikiliza hiyo u vizuri. Hiyo ndiyo es ya Kiswahili, nayo ingali hai. Itumie!